Mtoto wa mbwa analia usiku kucha na anaharisha: nianze na lipi?

Swali: "Shikamoo daktari. Naishi Uyole, Mbeya. Jumamosi nimeletewa mbwa jike wa wiki saba kutoka Mafinga, chotara wa German Shepherd. Alikuja na basi akiwa kwenye boksi. Namlaza stoo juu ya gunia. Analia tangu saa 3 usiku mpaka alfajiri, na asubuhi namkuta anatetemeka. Nampa maziwa ya ng'ombe na ugali, na tangu juzi anaharisha, ila bado anachangamka na kula. Nina watoto wawili, mdogo ana miaka minne. Jirani yangu alipoteza mbwa watatu mwaka jana kwa kuharisha damu, ananihimiza nimchome sindano leo leo. Wengine wanasema nimwache alie, atazoea. Nianze na lipi?"

Marahaba, kijana wangu. Anza na joto. Kabla ya sindano, kabla ya dawa ya minyoo, kabla hata ya kufikiria chakula kipya, mtoe stoo leo jioni. Kilio, kutetemeka na kuharisha vinaonekana kama matatizo matatu, lakini kwa mbwa wa umri huo aliyeingia Mbeya mwezi wa saba, mara nyingi mzizi ni mmoja: baridi, kisha chakula kigeni juu ya uchovu wa safari.

Mpaka Jumamosi alikuwa analala katikati ya lundo la ndugu zake, kila mmoja akimpasha mwenzake. Mwili wake ni mdogo na mafuta chini ya ngozi ni machache. Uyole kwenyewe kupo juu, mita 1,700 na ushee, na alfajiri ya Julai nyuzi joto hushuka chini ya 10 bila kumshangaza mtu. Sakafu ya sementi hunyonya joto la tumbo usiku mzima, na gunia moja halizuii kitu, hasa likishalowa mkojo. Mwili ukipoa, tumbo nalo hupunguza kasi. Chakula hukaa humo bila kusagwa, kikachacha, kikatoka kama uji. Ndiyo maana mnyama mdogo aliyepoa halishwi kabla hajapashwa moto. Ukimlazimisha maziwa akiwa baridi, anaweza kutapika na hata kupaliwa.

Nunua kipimajoto cha dijitali kwenye duka la dawa za binadamu, kiwe cha mbwa tu. Paka ncha mafuta ya mgando, inua mkia, ingiza sentimita 2 hivi kwenye njia ya haja kubwa, subiri kilie. Mbwa mwenye afya husoma kati ya nyuzi 38 na 39.2. Kwa hiyo usishangae ukimshika ukahisi ana "homa", wao ni wa moto kuliko sisi. Chini ya 37.5 amepoa: mweke kifuani ndani ya koti, au karibu na chupa ya maji ya moto, mpaka apande taratibu ndipo ale. Juu ya 39.5 akiwa ametulia, hajatoka kucheza, hiyo ni homa na daktari anahitajika.

Kitanda chenyewe hakina gharama. Tafuta boksi gumu au sanduku la mbao la sentimita 60 kwa 45, kuta zifike sentimita 30 ili upepo wa chini ya mlango usimpige. Liinue juu ya vipande viwili vya mbao lisiguse sakafu. Chini tandika katoni iliyokunjwa, juu yake maranda ya mbao unene wa sentimita 5 hadi 8, kisha blanketi kuukuu. Maranda huku kwetu ni rahisi kupata kwa sababu ya viwanda vya mbao vya Mafinga na Njombe, lakini chagua yale mapana yaliyotoka kwenye randa. Unga wa msumeno humwingia puani na machoni. Uliza pia kama mbao zilikuwa zimewekwa dawa ya kuzuia mchwa. Kama ndiyo, achana nayo, maana mtoto wa mbwa hutafuna kila anacholalia.

Jaza maji ya moto kwenye chupa ya lita moja na nusu. Yasiwe ya kuchemka, chupa itajikunja. Funga kizibo vizuri, izungushie taulo, ilaze upande mmoja wa boksi. Upande mmoja tu. Akipata joto kupita kiasi lazima awe na pa kusogea. Badilisha maji ukienda kulala, na tena usiku utakapomtoa kukojoa. Weka humo na fulana uliyovaa mchana, haijafuliwa; harufu yako itamtuliza kuliko maneno.

Sasa jambo ambalo watu wa Mbeya, Njombe na Makete wanalijua ila wanalisahau baridi ikikaza: usimwekee jiko la mkaa chumbani. Mkaa unaowaka ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala haimkohozeshi mtu, nayo huua mbwa na mwenye mbwa pamoja. Jiko likiwa limeshika vizuri bila moshi, hewa hiyo bado inatoka.

Boksi liwe wapi? Karibu na kitanda chako, umbali ambao ukinyoosha mkono unamgusa. Najua wengi hawataki mbwa chumbani na sikulazimishi awe humo maisha yake yote. Ni kwa siku tatu hadi tano hivi. Akilia, weka mkono ndani ya boksi, usimnyanyue, usiwashe taa, usiongee sana. Akishalala usiku mzima, sogeza boksi mita moja kuelekea mlangoni kila siku mpaka lifike unapotaka alale. Waliokuambia umwache alie wana hoja nusu: kumkimbilia na kumbeba kila anapopiga kelele humfundisha kwamba kelele inalipa. Lakini mtoto wa siku ya kwanza hapigi kelele za ujanja. Anaita mama yake, na kwa mbwa aliyeachwa peke yake gizani hilo ndilo jambo la akili. Anayenyamaza baada ya kulia kwa muda wa saa tano mara nyingi hajazoea, amechoka, na sukari ya mwilini imeshuka.

Stoo ina hatari nyingine. Nyumba nyingi za Uyole stoo ndiko ziliko dawa za viazi, mbolea na sumu ya panya. Sumu nyingi za panya zimechanganywa na nafaka ili zivutie, na mbwa hula hizo punje, au humla panya aliyekwisha kula.

Tukija tumboni: maziwa ya ng'ombe yaishe leo. Mtoto wa mbwa akishaanza kuachishwa, kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa hupungua. Maziwa mengi yakishuka chini bila kusagwa huvuta maji ndani ya utumbo na kumharisha. Maziwa mgando huvumilika zaidi, vijiko viwili vya chakula kwa siku havina neno, ila si lazima.

Kwa kuwa anachangamka na anakula, kwa siku mbili mpe wali ulioiva mpaka ukalegea pamoja na kuku aliyechemshwa bila ngozi, chumvi wala viungo: sehemu mbili za wali kwa moja ya kuku, kiasi cha vijiko vitatu vya chakula kila baada ya saa tatu au nne mchana. Usimfungishe. Mbwa mkubwa anayeharisha anaweza kuruka mlo, huyu wa wiki saba akikaa na njaa muda mrefu sukari hushuka, anaanza kuyumba na kulegea. Ikitokea, mpake asali au maji ya sukari kwenye fizi kwa kidole, mpashe joto, halafu mkimbize kwa daktari. Maji safi yawepo muda wote. Chumvi ya kuongeza maji mwilini, ile ya pakiti wanayopewa watoto, inafaa pia: ichanganye kwa lita iliyoandikwa kwenye pakiti, mpe kijiko kimoja cha chai kila dakika 10 au 15 akiwa anainywa mwenyewe.

Usimpe dawa za kufunga tumbo za binadamu wala vidonge vilivyobaki kabatini. Panadol, diklofenaki na ibuprofeni ni sumu kwa mbwa, na kwa mwili wa kilo tatu kidonge kimoja cha mtu mzima ni kingi mno.

Leo hii mpigie simu aliyekupa, umuulize mambo matatu: alikuwa anakula nini na mara ngapi, alipewa dawa ya minyoo tarehe gani, na mama yake ana chanjo zipi. Jibu la swali la kwanza litakusaidia kurudi kwenye chakula alichokizoea. Kisha uhamishe polepole kwa siku saba: robo ya chakula kipya siku mbili, nusu siku mbili, robo tatu siku mbili, ndipo kipya kitupu.

Chakula cha kudumu si lazima kiwe cha gunia la dukani. Kile cha watoto wa mbwa ni kizuri na kinarahisisha kazi, ila bei yake inajulikana. Kwa mbwa wa kilo tatu hivi, chakula cha siku nzima unaweza kukipika nyumbani: unga wa dona gramu 60, yaani karibu nusu kikombe cha chai, dagaa wakavu gramu 40, kiasi cha kiganja kilichojaa, yai moja la kuchemsha, kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula, na kipande cha boga au karoti. Usipa, yaani dagaa wa Ziwa Nyasa, wanaouzwa masoko ya Mbeya wanafaa sana, kwa sababu mbwa anawala pamoja na mifupa yao laini na hapo ndipo anapata madini ya chokaa ya kujengea mifupa yake. Waloweke, waoshe mara mbili kutoa mchanga na chumvi, wachemshe, wasage, ndipo upike ugali laini na maji yao. Gawa mara nne: saa 1 asubuhi, saa 6 mchana, saa 10 jioni, saa 1 usiku. Akifika miezi mitatu na nusu hivi iwe mara tatu, miezi sita mara mbili.

Kinachowaangusha watu wengi hapa ni ugali mtupu. Mbwa anashiba, tumbo linakuwa kama ngoma, mgongo unabaki mifupa na miguu ya mbele inapinda. Tumbo kubwa kwa mtoto wa mbwa si afya. Ni minyoo au wanga mwingi bila protini, mara nyingi vyote viwili. Mpime kila Jumapili: mtie kwenye mfuko imara, mning'inize kwenye mizani ya muuza viazi, andika. Mbwa atakayekuja kufikia kilo 20 anatakiwa kuongezeka gramu 300 hadi 500 kwa wiki umri huu. Kadiri kilo zinavyopanda, ongeza chakula kwa uwiano uleule.

Unga wake uwe ule mnaokula nyie. Kuna desturi ya kutenga mahindi yaliyoota ukungu, au pumba za mahindi hayo, kuwa "ya mbwa". Sumukuvu iliyomo haiishi kwa kupikwa, na ini la mbwa ni jepesi kuliko la wanyama wengi kuharibiwa nayo. Mbwa anaacha kula, macho na fizi zinageuka njano, anakufa, na watu wanasema amerogwa au amelishwa sumu na mwizi.

Vingine vya kumnyima: vitunguu vya aina zote (pamoja na saumu, ambacho wengine hukitoa kama dawa ya minyoo, hakitoi minyoo, kinaharibu chembe nyekundu za damu), chokoleti, zabibu, mifupa ya kuku iliyopikwa. Parachichi kwetu huanguka chini ya mti bure, kipande cha nyama yake hakimdhuru mbwa kama kinavyomdhuru ndege au mbuzi, ila kokwa likimezwa huziba utumbo. Na gunzi la mahindi ndilo baya kuliko yote. Mbwa huliona gunzi lenye mafuta ya mchuzi au punje mbili tatu, hulivunja na kumeza vipande. Gunzi halisagiki tumboni na kipande cha sentimita tatu tu kinatosha kumziba. Hutapika kila anachokula, haja kubwa haipati, na bila upasuaji hupona kwa nadra. Msimu wa kupukuchua magunzi yawekwe juu.

Haja. Umri huu anaweza kujizuia saa mbili, tatu akiwa amelala. Mtoe anapoamka, dakika 10 hadi 20 baada ya kula, baada ya kucheza, na kabla ya kulala. Usiku mtoe mara moja, kama saa 8. Mpeleke sehemu ileile ya uwanja, simama kimya mpaka amalize, ndipo umsifu na kumpa kipande cha dagaa palepale. Ukimpa mkisharudi ndani, umemlipa kwa kuingia mlangoni. Akikosea ndani, safisha kwa sabuni na siki, basi. Kumsugua pua kwenye kinyesi humfundisha kitu kimoja, kwamba asijisaidie ukiwepo, na utaanza kukuta vinyesi nyuma ya kochi.

Sasa ndiyo zamu ya minyoo. Karibu kila mtoto wa mbwa huzaliwa nayo, maana minyoo mikubwa ya mviringo hupita tumboni mwa mama kabla ya kuzaa, na ile ya safura hupita kwenye maziwa. Kwa utaratibu mzuri angepewa dawa wiki ya 2, 4, 6 na 8, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Kama Mafinga hawakumpa, mpe kuharisha kukipungua, yaani kesho kutwa hivi, akiwa na joto na anakula. Omba dawa yenye pyrantel: miligramu 5 kwa kila kilo, kwa hiyo huyu wa kilo tatu anapata miligramu 15, na urudie baada ya wiki mbili kwa sababu viluwiluwi vilivyokuwa safarini mwilini havikuguswa na dozi ya kwanza. Siku moja au mbili baadaye unaweza kuona kama tambi kwenye kinyesi. Usiogope, ndiyo kazi yenyewe. Ukienda duka la dawa za mifugo usikubali kupimiwa albendazole ya ng'ombe wala ivermectin ya sindano ya ng'ombe kwa makisio. Ile ya kwanza inaweza kuharibu uboho wa mbwa. Ya pili ina miligramu 10 katika kila mililita, na kosa la tone chache kwa kilo tatu ni kosa kubwa. Mbwa wa damu ya wachunga kondoo, na chotara wako yumo katika ukoo huo, wengine wana kasoro ya kuzaliwa inayoiruhusu dawa hiyo kupenya hadi kwenye ubongo.

Kwa mtoto wako wa miaka minne hili lina uzito wake. Mayai ya minyoo hiyo akiyameza, viluwiluwi hutangatanga mwilini na vinaweza kufika machoni. Lakini yai lililotoka leo haliambukizi leo. Linahitaji wiki mbili au zaidi kwenye udongo. Kwa hiyo ukiokota kinyesi kila siku na kukifukia mbali na bustani ya mboga, au kukitupa chooni, umeshakata njia. Watoto wanawe mikono kwa sabuni wakitoka kumchezea, na wasitembee peku anapojisaidia, maana minyoo ya safura hupenya ngozi ya mguu. Nyama za ndani, mapafu na maini kutoka machinjioni, zichemshwe mpaka ziive kabisa. Zikiliwa mbichi humpa mbwa tegu ambaye mayai yake ni hatari kwa watu wa nyumbani.

Halafu jirani na sindano yake. Maelezo yake ya kuharisha damu yanafanana sana na parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, na hofu yake ni ya haki. Ila kuna kuchanganya hapa, kwa sababu kwetu kila kinachochomwa kinaitwa sindano. Chanjo si tiba. Ikichomwa leo haifanyi kazi leo, inachukua wiki moja hadi mbili, na mbwa anayeharisha, aliyepoa na kuchoka hatengenezi kinga vizuri. Subiri atulie siku nne tano, kinyesi kishikamane, atimize wiki nane, ndipo apate chanjo ya kwanza ya mchanganyiko, inayokinga parvo na distempa, ugonjwa mwingine wa kirusi wa mbwa. Kisha wiki ya 12, kisha ya 16. Watu huchoma moja wakadhani wamemaliza, na hapo ndipo mbwa wa miezi mitatu "mwenye chanjo" anapokufa kwa parvo. Sababu ni kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama: ikiwa bado na nguvu huizima chanjo, na siku itakayoisha hutofautiana kwa kila mtoto. Tunarudia ili moja wapo ikute mlango wazi.

Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe wiki ya 12, irudiwe baada ya mwaka. Muulize mtaalamu wa mifugo wa kata, maana halmashauri kadhaa huendesha chanjo ya pamoja, mara nyingi kuzunguka Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Hakikisha chupa inatoka kwenye friji au kasha lenye barafu, nyuzi 2 hadi 8, na kadi ibandikwe lebo ya chupa hiyo. Chanjo iliyokaa kwenye rafu ya duka ni maji. Mbwa asiyejulikana akimng'ata mtu nyumbani kwako, hata kwa mchubuko, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo.

Mpaka wiki mbili baada ya chanjo ya mwisho, asikanyage uwanja wa jirani. Kirusi cha parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka na zaidi, na husafiri kwenye soli ya kiatu. Ukitoka kwa jirani acha ndala zako nje. Sakafu ya sementi ioshe kwanza kwa sabuni mpaka uchafu utoke, kisha mwaga dawa ya klorini, wengi tunaiita jiki, mililita 50 kwa kila lita moja ya maji, iache dakika 10, suuza. Kwenye udongo wenyewe klorini haisaidii, huishia kwenye matope. Jua kali husaidia zaidi.

Ukiona lolote kati ya haya, usisubiri asubuhi: amegoma kula milo miwili mfululizo, anatapika, kinyesi kina damu au harufu kali isiyo ya kawaida, fizi zimepauka. Bonyeza fizi kwa kidole uachie. Rangi irudi kabla hujahesabu mbili. Vuta ngozi ya mgongo. Ikikaa imesimama kama hema, maji yamemwishia. Parvo huua ndani ya siku mbili tatu, na inaua zaidi kwa kukausha maji. Anayewahiwa na dripu ana nafasi nzuri, anayenyweshwa mitishamba huku anatapika hana.

Viroboto na kupe: toa kwa mkono au kitana, na baada ya wiki nane tumia dawa ambayo lebo yake inataja umri na kilo za mbwa wako. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isimguse, amitraz iliyomo katika baadhi yake humlegeza na kupunguza mapigo ya moyo. Pareto, tunayoilima milimani kwetu, ni dawa halali ya viroboto ikitengenezwa kwa kipimo cha mbwa, lakini ndugu zake wa kiwandani kama permethrin huua paka. Kama una paka, soma lebo mara mbili. Kila wiki tazama katikati ya vidole vya miguu, tekenya (funza) hupenda vumbi la banda. Na usimwogeshe baridi hii. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu na taulo kavu, saa 7 mchana, kinatosha mpaka Septemba.

Kuhusu ulinzi, maana chotara wa German Shepherd hakuletwa Uyole kwa ajili ya urembo. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 ubongo wake unaandika orodha ya vitu vya kawaida. Visivyoandikwa humo atavihofia baadaye, na mbwa mwoga hung'ata ovyo. Mbebe mikononi bila kumshusha, akaone bodaboda, mwavuli, kuku, mtu mwenye fimbo, lori la viazi, dakika 10 kwa siku, ukimpa kipande cha dagaa. Ukali wa kulinda utakuja wenyewe akikomaa. Pilipili kwenye chakula, kufungiwa gizani na mnyororo akiwa mdogo hutoa mbwa anayemng'ata mtoto wa nyumbani na kumkimbia mwizi. Akiwang'ata watoto wakicheza, na atang'ata, meno hayo ni kama sindano, wasimame kama mti, wakunje mikono, mchezo uishe kwa nusu dakika. Mpeni kanga kuukuu iliyofungwa mafundo atafune hiyo. Mtoto wa miaka minne asiachwe naye peke yake, na asimguse akiwa anakula au amelala.

Mtafutie daktari wa mifugo nafasi Alhamisi au Ijumaa, kinyesi kikiwa kimeshikamana. Siku hiyo chukua kinyesi cha asubuhi kwenye kopo safi lenye kifuniko, kiasi cha kijiko cha chai, pamoja na karatasi yenye uzito wake, nyuzi joto ulizopima na tarehe ulizopewa na watu wa Mafinga. Mpeleke ndani ya boksi lake na chupa ya maji ya moto, na akiwa kwenye foleni umpakate. Sakafu ya mahali wanapoletwa mbwa wagonjwa asiikanyage.